Siku Nilipolipumzisha Friji la Mke Wangu

Naamua kuwasimulia mwenyewe, kwa sababu nisiposimulia mimi atasimulia mke wangu, na yeye akisimulia anaigiza sauti za watu wote waliokuwepo, pamoja na sauti yangu nikiomba msamaha, ambayo kwa kweli anaiweza kuliko mimi mwenye nayo. Nimeaibika, ndugu zangu. Si ile aibu ya kujikwaa barabarani ukainuka ukajifanya unatazama simu, hapana, hii ni aibu ya kusimama katikati ya duka la vitambaa Kariakoo mchana kweupe, nimevaa msuli na fulana iliyolowa maji ya samaki, wateja wameziba pua, halafu badala ya kunyamaza nikafungua mdomo nikafanya mambo yawe mabaya zaidi.

Chanzo ni friji.

Sisi tunakaa ghorofa ya kwanza kwenye jengo la zamani, karibu kabisa na Msimbazi, na chini yetu kuna duka la vitambaa la Mama Jaya. Mama Jaya ni Mhindi wa hapa hapa, kazaliwa Kariakoo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, sasa anaishi Upanga na kila asubuhi anashuka kwenye bajaji na sari yake imekunjwa vizuri, anafungua duka, anawasha ubani mbele ya picha za miungu yake, na kuanzia hapo mpaka jioni humsikii akipaza sauti. Familia yao hawali nyama wala samaki, hata yai hawali, mtaa mzima unajua. (Likumbukeni hilo. Mimi siku hiyo sikulikumbuka.)

Mke wangu Mwanaidi anapika kwa oda. Alianza na vitumbua na sambusa za hapa jengoni, watu wakapenda, ndipo akapata oda yake ya kwanza kubwa, shughuli ya akina mama huko Ilala, ndugu wa bibi harusi wanataka sambusa za nyama, samaki wa kukaanga na kamba, wale wa baharini, wakubwa wakubwa. Mwanaidi hakulala vizuri kwa furaha. Alikwenda feri, soko la samaki, kununua mwenyewe, akaosha, akakata, akafunga kwenye mifuko, na siku mbili kabla ya shughuli akalijaza friza lote mpaka mlango ukawa unafungwa kwa kusukumwa na nyonga. Lile friji letu ni la milango miwili, friza juu na friji chini, tulilinunua mtumba lakini zima, na ndilo lililombeba Mwanaidi kwenye biashara yake. Analipenda. Analifuta vumbi kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, ugonjwa wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nikiingia ndani, kabla sijavua viatu, naitazama mita. Siku zile uniti zilikuwa zinashuka mpaka unaona kama kuna mtu anazinywa, na mimi nikawa nalalamika kijiweni kwenye kahawa, na kijiweni mnakujua, ukitaja ugonjwa wowote kuna daktari wake amekaa na kikombe. Jamaa mmoja kinyozi akaniambia, "Friji zima linanguruma, linanyamaza, linanguruma, linanyamaza. La kwako likinguruma moja kwa moja, kaka, hilo linakula umeme kuliko jirani mwenye pasi." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikarudi nyumbani nimeiva.

Nikasimama jikoni nikasikiliza. Linanguruma. Nikaenda kuoga nikarudi. Linanguruma. Nikafungua mlango wa friza nichungulie kama kuna kitu, nikafunga, nikafungua tena baada ya muda kidogo, nikalisukuma likagusa ukuta nikidhani labda linatikisika, nikafungua tena. Linanguruma tu. Mwanaidi akanitazama.

"Unatafuta nini humo?"

"Hili friji halipumziki."

"Nimelijaza jana, lipumzike vipi? Liache lifanye kazi yake."

Hilo lilikuwa jibu kamili, ndugu zangu, somo lote lilikuwa pale, lakini mimi niliyetoka kusoma kijiweni ningemsikiliza vipi mtu aliyesimama jikoni kwake?

Asubuhi ya shughuli Mwanaidi akajiandaa kwenda Buguruni kufuata nazi na ndizi. Mimi nauza mikoba na binamu yangu, na siku hiyo yeye ndiye aliyefungua, kwa hiyo nilikuwa nyumbani. Mlangoni Mwanaidi akageuka. "Hamisi, usiliguse friji." Nikamwambia, "Nenda mama, mimi nna kazi gani nalo?" Hata bajaji yake haijafika kona nikawa nimeshazima swichi ukutani.

Nataka niwe mkweli, ule ukimya ulinifurahisha. Nikaenda kwenye mita nikaona uniti zimetulia, nikajisikia kama mtu aliyemshika mwizi. Mpango wangu ulikuwa lipumzike kidogo tu, kama anavyopumzika dereva wa safari ndefu, kisha niliwashe, Mwanaidi akirudi hana habari. Kama ningeishia hapo na mlango umefungwa, pengine nisingekuwa na mkasa wa kusimulia, kwa sababu friza lililojaa likizimwa muda mfupi bila kufunguliwa linaihifadhi baridi yake lenyewe. Lakini nikafungua nione hali. Nikaona kuta za friza zimeota barafu nene, nikakumbuka kijiweni walisema barafu ikizidi mota inachoka (hilo ni kweli, ndiyo ubaya wake, uongo wote wa siku ile ulikuja umechanganywa na ukweli), nikajiambia, maadamu limezimwa, nilisafishe kabisa.

Nikavua shati nisilichafue, nikabaki na msuli na fulana. Nikatoa mifuko yote, sambusa, samaki, kamba, nikaipanga kwenye mabeseni mawili sakafuni, nikaifunika kwa kanga ya Mwanaidi. Mle ndani nikaweka sufuria ya maji ya moto. Jikoni kwetu dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili, hewa haipiti, na jua la Dar la mwezi ule lilikuwa halina utani. Barafu ikaanza kutoa jasho. Mimi pia. Mifuko nayo, nadhani, ila sikuiangalia. Nikaona mambo yanakwenda polepole, nikachukua kisu cha mkate nikaanza kuchokonoa.

Pande moja la barafu, kubwa kama tofali, likatoka kwa mkupuo. Halikunigonga mimi. Liliangukia ukingo wa beseni la kamba, beseni likapinduka, na maji yote yaliyokuwa yameshakusanyika mle, maji ya kamba na samaki, ya rangi ile mnayoijua na harufu ile mnayoijua, yakatambaa sakafuni. Nikaruka na tambara. Wapi. Sakafu ya jengo la zamani ina nyufa, na maji yakafuata ufa mmoja chini ya meza yakapotea, mimi nikashukuru Mungu kwamba yamekauka upesi.

Kisha nikasikia kelele chini yangu.

Kwanza mwanamke mmoja alipiga ukelele, halafu zikawa sauti nyingi, halafu nikasikia jina langu, "Hamisi! Hamisi wee, unafanya nini huko juu?" Nikashuka ngazi mbio, mkono mmoja umeshika msuli usinidondoke, mwingine una tambara, nikaingia dukani kwa Mama Jaya hivyo hivyo.

Duka limejaa. Kwenye kaunta kulikuwa na mama mmoja mwenye baibui na binti yake wanachagua kitambaa cha harusi, satini nyeupe imefunuliwa kaunta nzima, na katikati ya ule weupe kuna doa linapanuka, na kutoka darini maji bado yanadondoka, to, to, to. Tone jingine lilikuwa limempata yule mama kwenye paji la uso. Alilifuta kwa kidole, akanusa, akasema kwa sauti ya mtu asiyeamini, "Hii ni kamba?" Watu wakacheka, wengine wakaziba pua, kijana mmoja mteja akainua simu akaanza kunirekodi, na mimi nimesimama pale na ganda la kamba limenata kwenye fulana.

Mama Jaya alikuwa tayari kaikunja ile satini pembeni, kaweka ndoo chini ya tone, kampa yule mama kitambaa kisafi cha kujifutia na kiti cha kukaa. Ndipo akanigeukia.

"Shikamoo mama," nikasema. (Ndicho kitu pekee kilichonijia.)

"Marahaba. Kuna nini juu?"

Nikamweleza. Yaani nilimwaga yote kwa pumzi moja, friji halipumziki, LUKU, nikazima, barafu, vitu vya Mwanaidi viko chini, shughuli ni leo jioni, friji halina baridi tena, na katika kuhangaika kwangu macho yangu yakaliona friza lake nyuma ya duka, lile anamogandisha chupa za maji anazowapa wabeba mizigo wakati wa joto, na mdomo ukatoka mbele ya akili.

"Mama, naomba niweke kwenye friza lako tu. Ni kamba na sambusa za nyama ya ng'ombe. Nitafunga vizuri kwenye mifuko."

Hata yule mwenye simu aliishusha. Yule mama wa baibui akasema taratibu, "We kaka, we kaka." Hapo ndipo nikasikia nilichokisema, nyama ya ng'ombe, kwa Mama Jaya, mbele ya ubani wake unaowaka, na kamba wangu wanamdondokea darini. Nilitamani ufa ule ule unimeze.

Mama Jaya hakubadilika uso. Alinitazama kidogo, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukata, akasema, "Hivyo haviwezi kuingia kwenye friza langu, Hamisi. Unajua."

"Najua mama, nisamehe, nime..."

"Ngoja. Barafu inaweza kutoka." Akamgeukia yule mama wa baibui. "Dada yangu, naomba radhi. Satini hiyo sikuuzii, iko roli nyingine ambayo haijafunguliwa, binti wa duka atakufungulia, uchague ukiwa umekaa. Mimi napanda juu kidogo." Akaenda kwenye friza lake akaanza kutoa chupa zilizoganda, moja baada ya nyingine, zote, na kutoka chini ya rafu akavuta boksi la kutunzia baridi, lile la plastiki lenye mfuniko mzito, alilokuwa akipakia vyakula vya familia wakienda kwenye sikukuu zao. Akalifungua, akalifuta, akanisukumia kwa mguu.

"Beba."

"Mama, hili ni la chakula chenu. Nikiweka kamba humu..."

"Hilo najua. Likishaingia kamba litakuwa lako, usinirudishie. Beba, joto halingoji."

Jamani. Mimi nimekulia Kariakoo, nimeona watu wakitoa, lakini wengi wanatoa kilichobaki. Yule mama alitoa kitu alichokuwa anakitumia, kwa ajili ya kitu ambacho yeye haruhusiwi hata kukigusa, kwa mtu aliyetoka kumwaibisha mbele ya wateja wake, na alifanya kwa haraka mpaka huna nafasi ya kumshukuru.

Akapanda ngazi mbele yangu, mama wa makamo yake, kashika ncha ya sari kwa mkono mmoja. Jikoni akaona kisu kimechomekwa kwenye barafu ya friza. "Hicho kitoe taratibu, ukiweke mbali. Ukitoboa pale friji limekufa." Akasimama mlangoni, ncha ya sari puani, akasema, "Mimi sishiki vitu hivyo. Nitakuelekeza tu. Bonyeza huo mfuko. Katikati pagumu?"

"Pagumu."

"Huo bado mzima, weka chini ndani ya boksi. Weka chupa juu yake. Mwingine. Pagumu?"

"Umelegea."

"Huo weka pembeni, upikwe sasa hivi."

Hivyo tukaenda, mfuko kwa mfuko, mimi nabonyeza, yeye anaamua, kamba, barafu, kamba, barafu, na boksi lilipojaa akaniambia nifunge na nisifungue kuchungulia. Kisha akalitazama friji.

"Livute mbali na ukuta. Linatoa joto mgongoni, umelibana, joto liende wapi? Futa maji ndani, funga mlango, ndiyo uwashe." Nikawasha. Likaanza kunguruma, na mimi, mjinga, nikauliza, "Sasa mama, linatakiwa lingurume muda gani?"

Kwa mara ya kwanza nikamwona anataka kucheka. "Mpaka limalize. Hamisi, friji ukilijazia vitu ambavyo havijaganda, linanguruma bila kusimama mpaka vigande, huo siyo ubovu. Likishafikia baridi yake ndiyo utalisikia linanyamaza na kuwaka, na kwa joto la mji huu, hata likiwa zima kabisa, linanguruma zaidi kuliko linavyonyamaza. Kama limekaa siku nyingi hujaliongezea kitu na bado halinyamazi, hapo sawa, tazama raba ya mlango kama inabana, tazama vumbi nyuma, ita fundi. Lakini wewe umelizima, umeliacha wazi, sasa litakula umeme kurudisha baridi uliyoimwaga mwenyewe. Hukuokoa kitu."

Wakati anasema hivyo, Mwanaidi akatokea mlangoni na gunia la nazi.

Sitaki kuwadanganya, nilimwogopa. Aliangalia sakafu, akaangalia mabeseni, kanga yake iliyolowa, mimi na fulana yangu, kisha Mama Jaya kasimama jikoni kwake kaziba pua kwa sari. Akashusha gunia polepole. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vingi ni vizima, viko kwenye boksi. Ile mifuko pale imelegea, ipike sasa. Usimuulize kitu, muda huna."

Na Mwanaidi wangu hakuniuliza. Alijifunga kanga kavu kiunoni, akawasha jiko, akamwaga mafuta, na ndani ya muda mfupi sambusa zilizolegea zilikuwa zinakaangika kwenye karai na nyumba inanukia chakula badala ya msiba. Nilimtazama vile anavyogeuza, anavyoonja, anavyotenga, uso umetulia, hata jasho analifuta kwa bega ili asiache kijiko, na nikajua kwamba mimi nimeoa mtu. Aliniambia neno moja tu, bila kunitazama: "Kuna nazi." Nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi mpaka vidole vikaomba radhi.

Chakula kilifika Ilala kabla wageni hawajaanza kushikwa na njaa. Mimi ndiye niliyebeba boksi. Sitajisifu, nilikuwa nimesimama nje nikisubiri vyombo, lakini nilisikia mle ndani mama mmoja akiuliza nani kapika hawa kamba, na jina la Mwanaidi likatajwa mara kadhaa, na akina mama wawili wakatoka na simu mkononi wakitaka namba yake.

Siku iliyofuata nikaenda dukani nimevaa shati lililopigwa pasi, nikamwambia Mama Jaya nataka kulipia ile satini. Akasema satini keshaiosha kwa maji baridi na limau, itafaa kukatwa vitambaa vya mezani, tuache hiyo. "Lakini dari langu lina doa," akasema. "Na sakafu yako ina ufa. Vyote viwili ni kazi yako."

Kwa hiyo Jumapili, duka limefungwa, nikaziba ufa juu, kisha nikapanda ngazi ya mbao chini dukani na brashi na ndoo ya chokaa, rangi inanidondokea puani, huku Mama Jaya na Mwanaidi wamekaa kwenye viti wanakunywa chai ya maziwa na tangawizi wakinionyesha sehemu nilizoruka. Walizungumza mengi, habari za watoto, habari za mafuta ya kula, nikadhani wamenisahau. Halafu Mwanaidi akamuuliza, "Lakini mama, kweli hukumfokea hata kidogo? Mimi ningemla mzima."

Mama Jaya akapuliza chai yake. "Ningemfokea, angesimama kunisikiliza," akasema. "Na kamba wangeoza."

Brashi ilinisimama mkononi. Nimefokewa na watu wengi maishani mwangu, wengi wao wakiwa na haki, na mimi pia nimefokea wengi, binamu yangu anajua, na sikuwahi kufikiri kwamba muda wote ule tunaosimama tukipigiana kelele, kuna kitu mahali fulani kinaharibika.

Basi nimeapa. Swichi ya friji siigusi tena, hata pakitokea moshi nitamwita Mwanaidi kwanza. Uniti zikishuka, zishuke. Na nikimwona mtu kaharibu jambo, kasimama mbele ya mwenzake na uso kama ule niliokuwa nao mimi siku ile, najitahidi, siyo kila mara naweza lakini najitahidi, kabla sijafungua mdomo niangalie kwanza kama nina barafu ya kumpa.